Vigingi Vyangu na Mchanga Unaotembea

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, na msianze kucheka kabla sijafika pa kuchekesha. Pa kuchekesha papo, na anayechekwa ni mimi, kwa hiyo hakuna haraka.

Shule niliiacha mapema. Nilipata kusoma, kuandika na kujumlisha, basi. Lakini nilikuwa na kitu nilichojivunia kuliko wenye vyeti wanavyojivunia vyeti vyao: nilijua mchanga. Ndivyo nilivyodhani. Nimezaliwa upande wa Handeni, na mtu wa Handeni akikwambia anaujua mto, muulize kwanza kama huo mto una maji.

Wetu haukuwa nayo. Masika yakikolea maji yalikuja kwa kishindo, yakabeba magogo na mbuzi wa watu, yakapita. Yakishapita hubaki mchanga mtupu, mpana, wa kukuunguza nyayo. Na mchanga huo haubaki tambarare. Unabaki na matuta. Mengine madogo, yamejipanga kama mikunjo ya paji langu la uso, na mengine makubwa kama matuta ya viazi vitamu. Maji yameondoka, lakini yameacha kazi yao pale, na kazi hiyo haiguswi mpaka masika mengine.

Sisi wanawake tulifukua maji humo humo mchangani. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake, limezungushiwa miiba ng'ombe wasiingie, na pembeni kigingi cha kuonyesha lako ni hili. Kigingi kikishachomekwa, mjadala umekwisha. Hakuna mtu aliyekigusa, na mchanga nao haukukigusa. Ukienda leo, kesho, mwezi ujao, kigingi kipo na maji yapo chini yake.

Mama yangu ndiye aliyenifundisha kutazama. Alisema tuta lina mgongo na lina uso. Mgongo umelala, na unaelekea maji yalikotoka. Uso umesimama, na unaelekea maji yalikokwenda. Chini ya uso hukusanyika mchanga mnene, ule wa punje kubwa, na hapo ndipo pa kufukua, maji hutoka upesi. Nilikuwa naweza kutembea juu ya mto mkavu na kukwambia maji yalipita vipi, yalikata kona wapi, yalichoka wapi. Watu walinisifu. Msimsifu sana mtoto, mtamwona uzeeni.

Uzeeni nikahamia Makuyuni, upande wa Korogwe, kumfuata mwanangu. Yeye ni dereva wa bodaboda, anaondoka asubuhi kwenda mjini na kurudi jioni. Mkewe ni Msambaa, ametoka juu milimani, msichana mpole, anasema "ndiyo mama" kwa kila kitu, na mimi nilidhani hiyo ni dalili kwamba kila kitu ninachosema ni sahihi. Wana mtoto mmoja, alikuwa bado ananyonya. Na wana majaruba ya mpunga, mazuri, yenye maji ya mfereji, ila yako ng'ambo ya mto.

Mto wenyewe si ule mkubwa wa Pangani. Ni huu mdogo unaoshuka kutoka Usambara na kwenda kumwagikia huko. Lakini unatiririka mwaka mzima. Daraja lipo, tena zuri, ila kulifuata ni kuzunguka mpaka barabara kuu na kurudi tena, na ukifika shambani jua limekwisha kukuchosha. Kwa hiyo watu huvuka kwa miguu pale mchanga ulipoinuka, maji ya magoti.

Mkwe wangu hajui kuogelea. Milimani kwao maji yanateremka, hayakai, utaogelea wapi? Na alivuka na mtoto mgongoni, kwa sababu hakuna pa kumwacha. Hilo mliweke akilini. Vichekesho vyangu vyote vimekaa juu ya mtoto huyo.

Siku ya kwanza nilipoutazama mto ule nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu. Maji yalikuwa safi, na chini yake nikayaona matuta yangu! Migongo imelala kuelekea milimani, nyuso zimesimama kuelekea Pangani, vilevile kama mama alivyosema. Na pale kwenye kivuko palikuwa na tuta moja kubwa, refu, limekatiza mto toka ukingo hadi ukingo kama tuta la barabarani la kupunguza mwendo. Nikamwambia mwanangu, "Hapa hamjui mlichonacho. Kata vigingi."

"Vya nini, mama?"

"Vya kuonyesha njia. Mkeo anavuka kwa kubahatisha, na mjukuu wangu yuko mgongoni. Mimi siwezi kulala."

Akakata miti ya mgunga, migumu, mirefu, akaipigilia chini sana kwa nyundo ya mti, mstari mmoja juu ya lile tuta. Mimi nilisimama ukingoni nikielekeza kwa kidole, kama mhandisi. Kisha nikafanya jambo lililonivimbisha kichwa zaidi: nikatia mkato kwa panga kwenye kila kigingi, pale maji yalipofika. Nikamwita mkwe.

"Unaona mkato? Maji yakiwa juu ya mkato, usivuke. Maji yakiwa kwenye mkato au chini yake, fuata vigingi, usitazame chini, utapata kizunguzungu. Tazama kigingi cha mbele tu."

"Ndiyo mama."

Msimu mzima alivuka hivyo. Majirani wakaanza kuvifuata vigingi vyangu. Nikiwa njiani kwenda gulioni nilisikia wakiita pale "kivuko cha bibi", nami nikapunguza mwendo ili nisikie tena.

Msimu wa pili, wakati wa kupandikiza, mvua ilinyesha milimani. Huku chini hakikudondoka kitu, vumbi tupu, lakini mto ulikuja mwekundu na mzito. Tulikaa nyumbani tukisubiri. Kule ng'ambo miche ilikuwa kwenye kitalu, imeshapita umri wa kung'olewa, na mpunga ukizeeka kitaluni hauzai vizuri. Mkwe alisema tuzunguke kwa daraja tukaipandikize hata kidogo kidogo. Nikasema tungoje mkato.

Mkato ukaonekana. Maji yalishuka, yakaanza kuwa meupe, tukaenda na majembe na vikapu. Vigingi vyote vilikuwa vimesimama. Kimoja kiliinama kidogo kama mlevi wa heshima, lakini vilisimama. Na maji yalikuwa kwenye mkato barabara.

"Haya," nikasema. "Tangulia."

Mkwe akasimama. Alikuwa ameshapandisha kanga, mtoto mgongoni amefungwa kwa mbeleko, lakini hakuingia.

"Mama, maji yamenyamaza."

"Yamefanya nini?"

"Yamenyamaza. Hapa yalikuwa yanapiga kelele."

Nikasikiliza. Ni kweli, siku zote pale kivukoni palikuwa na kavurugu kadogo, maji yanachemka chemka juu ya mchanga. Siku ile yalipita laini, yana weusi kama chai ya rangi. Nimewaambia kwamba nilikuwa najua mchanga. Sikuwahi kusema najua maji. Ningeyajulia wapi?

"Maji hayana mdomo," nikamwambia. "Kigingi kipo wapi?"

"Pale pale, mama."

"Mkato upo wapi?"

"Upo kwenye maji, mama."

"Sasa unaogopa nini? Watu wa milimani mnaogopa hata maji ya kwenye bakuli. Nipe mtoto nikuonyeshe."

Nikanyoosha mikono. Nataka mjue kwamba tangu alipoolewa msichana huyu alikuwa hajawahi kunikatalia kitu, hata uji niliompikia wenye chumvi nyingi aliunywa. Akarudi nyuma hatua, akashika mafundo ya mbeleko kwa mikono miwili.

"Mtoto hapana, mama. Unisamehe. Mtoto hapana."

Nilikasirika. Nikasema vizuri, nitakwenda na kikapu, na nikifika ng'ambo nitakaa chini nikutazame unavyozunguka kwa daraja peke yako. Nikajitwika kikapu, nikaingia kwa maringo, naangalia kigingi cha mbele kama nilivyowafundisha watu.

Kigingi cha kwanza, maji ya ugoko. Cha pili, magoti. Nikageuza shingo nimwambie "umeona?" na neno hilo sikulimaliza, kwa sababu nilipokanyaga tena, chini hapakuwepo. Nilizama mpaka kwapani na mdomo wangu ulikuwa wazi, kwa hiyo niliunywa mto. Kikapu kilikwenda Pangani bila mimi. Jembe likazama. Na mimi nimekumbatia kigingi changu cha mgunga, miguu inaning'inia inatafuta lile tuta langu, na tuta halipo.

Mkwe alimlaza mtoto majanini mbali na ukingo, akafungua kanga yake, akaifunga kwenye mpini wa jembe lake, akanirushia ncha nyingine. Hakuingia majini. Alikaa chini akavuta, amekanyagia visigino kwenye mzizi. Msichana mwembamba, lakini waliolelewa kupandisha kuni mlimani wana kiuno. Nilitoka kwa tumbo, kama kambale.

Tulikaa pale tukihema. Mtoto akaniona nilivyolowa, akacheka. Meno yake yalikuwa mawili. Nikamtazama, nikatazama lile pengo la weusi kati ya kigingi cha pili na cha tatu, nikawaza jinsi nilivyonyoosha mikono nikisema nipe mtoto. Baridi niliyoisikia haikuwa ya maji.

"Pole, mama," mkwe akasema.

"Twende nyumbani," nikasema.

Sasa, nina mtani. Ni kikongwe mwenzangu, jirani wa mlango wa tatu, babu yake alikuja kutoka Unyamwezi kukata mkonge akabaki. Mnyamwezi na Mzigua kama mimi ni watani tangu zamani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana hadharani nawe hununi. Ukinuna umevunja utani. Habari ya mimi kuzama ilimfikia, sijui kwa mdomo wa nani, na kesho yake asubuhi nikasikia kilio mlangoni. Nikatoka. Amejipaka majivu usoni, amejifunga kanga kiunoni kama mfiwa, anabubujika.

"Mzigua kafa! Jamani, Mzigua kafa kwa maji! Aliyezoea kuyachokonoa kwa kucha, leo yamemfuata yenyewe!"

"Sijafa," nikasema.

"Nyamaza, maiti haisemi. Msiba huu una chakula? Waombolezaji tumetoka mbali."

"Umetoka mlango wa tatu."

"Kwa miguu hii ni mbali! Kuku yuko wapi? Na kuni ziko wapi? Nasikia marehemu ameacha vigingi. Tuling'oe jeneza lake tupikie."

Watoto wa jirani walikuwa wamejaa uani wanapiga makofi. Mkwe wangu amejifunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Na mimi ningefanya nini? Nikamchinja kuku. Utani ni utani.

Lakini habari ya vigingi ilinichoma. Usiku uliopita mwanangu alikuwa ameniambia, kwa upole, "Mama, usijali, nitaving'oa nivisogeze. Tuta limesogea tu, tutalitafuta, tutapigilia hapo." Nami nilikubali. Niliona ni akili: kosa lilikuwa mahali, si vigingi. Na ndani yangu, nisiwadanganye, nilitaka kivuko cha bibi kiendelee kuitwa kivuko cha bibi.

Baada ya kula, nikamwambia mtani, "Twende mtoni nikakitafute kivuko kipya."

"Twende. Nitakuzika karibu."

Tukapita ukingoni. Hatua chache chini ya vigingi, upande wa Pangani, tuliliona tuta langu. Lilikuwa lile lile kwa umbo, limekatiza mto, maji yanapiga kelele juu yake. Limehama bila kuaga. Nikafurahi, nikachukua kijiti nikalisogelea pembeni, mahali maji yalipokuwa ya kifundo cha mguu na meupe kabisa, ili nitie alama. Nikakichomeka chini ya uso wa katuta kadogo. Kisha tukakaa kwenye nyasi, mtani akatoa karanga kwenye fundo la kanga, tukawa tunamenya.

"Kijiti chako kinazama," akasema.

"Hakizami. Nimekichomeka vizuri."

"Mzigua, tazama."

Nikatazama, safari hii chini, si mbele. Punje za mchanga zilikuwa zinatembea. Maji yalizisukuma zikapanda mgongo wa katuta, taratibu, moja nyuma ya nyingine, kama wanawake wamebeba ndoo. Zikifika kileleni zinaanguka, zinateremka kwenye uso, zinalala. Nyingine zinakuja zinazifunika. Kwa hiyo mgongoni mchanga ulikuwa unapungua na usoni unaongezeka, na katuta kenyewe, kakiwa na umbo lile lile, kalikuwa kanakwenda mbele. Kijiti changu kilifunikwa mpaka ncha. Tukala karanga. Kikaanza kuonekana tena, safari hii mgongoni mwa tuta, kisha kikabaki peke yake kwenye shimo dogo, kimesimama wima, kinatazama milimani kama mjinga.

"Huyo ni wewe," mtani akasema.

Nilivua ndala, nikakanyaga mahali mchanga ulipokuwa laini tambarare, nikaacha alama ya kisigino. Nilitaka kujua matuta yanaanzia wapi. Maji yalifika kwenye kile kishimo, yakajikwaa, yakachimba kidogo mbele yake na kulundika kidogo mbele zaidi. Kile kirundo nacho kikayakwaza maji, yakachimba tena na kulundika tena. Kabla mtani hajamaliza karanga, kisigino changu kilikuwa kimezaa mstari wa mikunjo midogo, kila mmoja na mgongo wake na uso wake.

"Kumbe ni kama umbea," akasema mtani.

"Ni kama sifa," nikasema, kwa sababu nilikuwa najijua.

Kisha nikatazama tuta kubwa kule katikati, nikaona kwamba mgongoni mwake nalo limebeba vituta vidogo vingi, vinapanda vyote kuelekea kileleni. Vidogo vinatembea upesi, na lile kubwa linatembea polepole chini yao. Mto ukijaa na kwenda kasi, makubwa nayo huinuka zaidi na mashimo kati yao huwa marefu zaidi. Hilo sikuliona siku ile, nililijua kwa kwapa zangu.

Nikaelewa nilichokuwa sijaelewa maisha yangu yote. Kule kwetu Handeni niliona matuta yaliyosimama nikadhani kusimama ndiyo tabia yake. Maji yalikuwa yamekwenda zao, basi. Nilijua nyayo, sikuwahi kumwona anayetembea. Na mkato wangu, ule wa panga, ulikuwa unapima maji yalipofika kwa juu. Chini ulikuwa haupimi kitu. Maji yangeweza kuwa kwenye mkato na chini kukawa kaburi.

"Sasa utavichomeka wapi vigingi?" mtani akauliza. Alikuwa amefuta majivu kwa ncha ya kanga na uso wake ulikuwa wa kawaida. Wakati mwingine mtani huacha utani, na hapo ndipo unapaswa kuogopa. "Hapa? Mpaka mvua nyingine ya milimani? Halafu binti wa watu apite, anatazama kigingi cha mbele?"

Karanga zilikuwa zimekwisha.

"Umesema ulitaka kuni," nikamwambia.

Jioni mwanangu aliporudi nilimkuta anatafuta nyundo. Nikamwambia aiache, achukue kamba. Akaving'oa vyote, kimoja kimoja, na vilikuwa vigumu kutoka, nilikuwa nimesimamia vizuri upigiliaji wake. Akavifunga nyuma ya pikipiki na kuvipeleka kwa mtani, ambaye alivipokea kwa vigelegele na kuniuliza kama sina vingine.

Miche tuliipandikiza kwa kuzunguka darajani. Nusu ilishindwa kushika, na mpunga wa mwaka ule mkwe aliupepeta kwa muda mfupi. Hakunilaumu. Angenilaumu ningefurahi zaidi.

Lakini jioni ile ile ya vigingi, kabla ya kula, niliwaita wote uani, mwanangu, mkewe na yule mtoto aliyekuwa anatafuna kona ya mbeleko, nikawaambia hivi:

"Vigingi vimekwisha, na havirudi mtoni. Kila siku ya kuvuka, hata kama jana mmevuka, atangulie mtu mzima mmoja, mikono mitupu, na fimbo ndefu, apime mchanga mpaka ng'ambo na kurudi. Mtoto akae ukingoni na mama yake mpaka fimbo irudi. Maji yakinyamaza, hakuna kuvuka, zungukeni darajani hata kama miche inakauka. Anayesema yamenyamaza au hayajanyamaza ni huyu mkwe, si mimi. Na siku mkinisikia nasema nipeni mtoto nivuke naye, msinipe."